Kitabu cha Pishi

Fomu niliikuta Wete, ofisi ya juu,
kwenye jalada lililoliwa na mende pembeni.
Mize binti Faki, wa Mtambwe.
Mikarafuu: ishirini na saba.
Anajua kusoma? La. Kuandika? La.
Na chini, dole gumba la bibi yangu
kwa wino wa zambarau, limelala upande
kama mtu aliyeambiwa atazame ukuta.
Kando yake saini ya Karani Sinani,
herufi za Kizungu zenye mikia mirefu,
mkono wa mtu aliyesifiwa skuli.

Haya. Niliamini.
Nani asiyeamini karatasi yenye muhuri?

Mwaka huo huo mama akahama chumba.
Uvunguni mwa samadari kikatoka kitabu
kimefungwa kwa ukili.
Alifu zimesimama, wau zimejikunyata,
nukta zimetapakaa kama makonyo juu ya jamvi.
"Si msahafu huo," akasema mama. "Hesabu zake.
Kiswahili kitupu."

Mimi nina shahada. Nilikaa nacho siku tatu.
Bibi hakutia irabu; alikuwa na haraka,
wachumaji wanangoja na pakacha zao, jua linakuchwa.
Be yake mara ni b, mara ni p,
nikasoma bibi, kumbe pipi za watoto.
Na juu ya kila ukurasa: mimu, ye, ze.
Meza, nikasema. Meza imepima pishi tisa.
Meza imemlipa Hamadi. Meza inadai.
Siku ya tatu ndipo nilipocheka, kisha nikanyamaa:
Mize.
Alikuwa akijitaja, mwaka baada ya mwaka,
na mimi, mjukuu msomi, namwita fanicha.

Nikajaribu kuyanakili ofisini.
Kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini ya karafuu,
chini ya pishi, chini ya kibaba,
chini ya jina lake na la babake.
Ikanipendekezea maneno ya kwao.
Sauti ile naijua. Ndiyo iliyouliza, Anajua kusoma?
na kalamu ilikwisha andika La
kabla bibi hajafungua kinywa.

Jioni nikamwita Arafa, mpwa wangu, miaka tisa,
katoka chuoni, juzuu kwapani.
Alisoma kwa kidole, akiyumba kidogo,
akikosea, akirudi.
"Mjomba, hapa hapana kisira wala fataha. Nisomeje?"
"Soma kama unavyosema nyumbani."
Akawapita wachumaji, akaipita mvua ya vuli
iliyoozesha majamvi mawili,
akapita pahala bibi kamtukana mpimaji wa mizani
(hapo alisoma vizuri sana, bila kukwama),
akafika ukurasa wa mwisho wa mwaka ule wa fomu,
akakunja uso, akatamka kipande kipande:

Ka-ra-ni Si-na-ni. Vibaba viwili.
Hajalipa.