Dumu la Njano

Dumu hili lilikuja na mafuta ya alizeti,
lita ishirini, shingo nyembamba.
Mkono wangu hauingii.
Mkono wa Mbula ulikuwa ukiingia
alipokuwa na miaka mitano; sasa ana tisa,
na tangu hapo, kule chini pembeni,
hakuna anayejua pana nini.

Mimi husuuza. Maji ya kisima, kokoto kiganja kimoja,
natikisa, namwaga, naangika uani.
Saa kumi alfajiri nakamua kwa kupapasa,
kisha Kisesa mpaka Igoma, Igoma mpaka Mabatini,
jua likinipanda mgongoni
na maziwa yakipata joto polepole
kama mtu anayeanza kukasirika.

Bi Veneranda wa ukaguzi hana maneno mengi.
Kijiko cha maziwa, kijiko cha spiriti,
anatingisha, anainamisha kioo kwenye mwanga.
Yakiteleza, pita.
Siku ile hayakuteleza.
Yaliganda vibonge, uji wa mtu mvivu.

"Sijatia maji!" nikasema. "Pima! Tone moja sijatia!"
"Nani ametaja maji, Lugembe?"
Nikashuka kwenye baiskeli nimsogelee,
naye akatazama ninavyoshuka.
"Mgongo huo, tangu lini?"

Tangu Milembe alipotupa ndama wa miezi saba.
Jirani akasema ni jicho.
Kondo la nyuma nililivuta kwa mikono hii,
nikanawa kwa majivu, nikaendelea kumkamua.
Baadaye ikaja homa yenye tabia za mlevi:
inaingia jioni, inatoka alfajiri, shuka limelowa.
Wakapima malaria, hakuna. Wakapima tena, hakuna.
Dawa ya malaria nikameza hivyo hivyo.

Lita kumi na nane nikamwaga mtaroni mwenyewe.
Elfu ishirini na saba, nyeupe, ikitafuta njia kati ya takataka.
Sikuwaza pesa, ajabu.
Sikumwaza hata Leokadia wa chai,
birika lake halishuki jikoni kutwa nzima.
Nilimwaza mdogo wake wa Kirumba,
anayegandisha mtindi bila kupitisha motoni,
anautia sukari, anauuza getini mwa shule.
Wateja wake nawajua kwa sare.

Nyumbani mama akakataa katakata.
"Maziwa ukiyachemsha umeyaua."
Holo ana miaka themanini na moja,
amekunywa ya chuchuni, yenye povu, maisha yake yote.
Lakini yeye alikuwa na kibuyu,
na kila asubuhi alikifukiza kwa kijinga cha moto
mpaka ndani kukanuka msitu.
Mimi nilirithi imani. Moshi sikuurithi.

"Mama, maji ya Ziwa unachemsha?"
"Nisichemshe nina wazimu? Umesahau kipindupindu?"
"Basi ziwa moja tunalichemsha,
maziwa tunayaonea haya?"
Akanitazama kama anayedai chenji.

Nikakopa kopo la alumini, mdomo mpana.
Nikabandika sufuria, nikamkimbilia ndama aliyekata kamba,
na yakafurika, yakazima kuni mbili,
harufu ya kuungua ikaenda mpaka barabarani.
Mama akaja na kijiko, akauinua utando wote.
"Yamekufa?"
"Yamekufa."
Akatafuna taratibu.
"Marehemu alikuwa na mafuta."

Milembe bado hajapimwa; daktari wa mifugo anakuja Jumanne,
na ninaogopa jibu lake kuliko nilivyoogopa langu.

Jioni nilichukua kisu nikalipasua dumu.
Mbula akashika upande mmoja.
Pembeni kule chini palikuwa na kitu kama gome,
njano juu, kahawia chini yake, chini zaidi cheusi,
kimejipanga tabaka kwa tabaka.
Akakikwangua kwa ukucha, akanusa, akarudisha shingo nyuma.
"Baba," akasema, "hapa ndipo mkono wangu ulipoishia."