Nyanda Nne

Miaka kumi na tisa hapa Ngamiani
nayavua makochi ya watu nguo, nayavisha,
hata nikajua kila kitu ni mifupa na ngozi,
kinachobaki ni sponji na maneno ya muuzaji.

Ramani niliichora nyuma ya kalenda ya duka la saruji,
kwa chaki ya fundi, mgongoni mwa Februari.
Kayaki haichaguliwi saizi, inakatwa kama gauni:
urefu, pima tatu zangu;
upana, nyonga zangu na ngumi mbili.
Singano seremala akashika utepe, akainamisha uso.
"Nyonga, shangazi… tuseme ngapi?"
Pima, uandike. Mbao hazina haya.

Miguu. Hapo akanyamaza.
Wa kulia, dhiraa mbili kamili.
Wa kushoto, toa nyanda nne.
Andika, nikasema. Toa nyanda nne.

Mbavu tulizipika: sufuria ya futari, bomba la plastiki,
mvuke ukifoka uani hadi kuku wakahama.
Fito tatu zilivunjikia gotini kwangu.
Ya nne ikapinda.
Msumari hakuna. Kila kiungo nimekifunga kwa uzi wa mkonge,
mkonge ambao mashine yake ilimla babu vidole viwili.
Unadaiwa, nikauambia, nikakaza.

Ngozi ni turubai la lori la machungwa ya Muheza.
Nimelishona kwa sindano ya magunia, mshono wa kochi,
rangi ya mafuta mikono mitatu, na bado herufi zimegoma kufa:
ubavu wa kulia, ukisogea, unasoma MUNGU NI.
Ni nani, ni nini, muulize Mama Shelukindo,
kipande kilichobaki kimeezeka banda lake la kuku.

Jumamosi asubuhi, Sahare, maji yamejaa.
Singano mbele, mimi nyuma,
nikichechemea, na chombo kikichechemea nami.
Watoto wa chuoni wakauliza, jeneza la nani?
"La samaki," akajibu, bila kugeuka.

Nikavua viatu. Nikaingia taratibu,
kama mto unavyoingia kwenye foronya.
Mguu wa kulia ukapata kibao chake.
Wa kushoto ukanyooka, ukatafuta,
kama unavyotafuta siku zote
sakafu, ngazi, kanyagio la cherehani,
ukagusa.

Nilikaa hivyo kwa muda, sikupiga kafi.

Kuna tundu moja la sindano nililosahau kulitia nta,
linanidondoshea pajani, tone, tone.
Kesho nitaliziba.
Kafi kulia, kafi kushoto. Singano anapiga kelele
za upepo, au za chai, sisikii vizuri.
Viatu vyangu ameviweka juu ya jiwe,
kimoja soli nene, kimoja ya kawaida,
vimeelekea baharini, vinanisubiri.
Na visubiri.