Ngo, Si Kocho

Usiniambie gari lina kelele, daktari.
Kelele hata soko la Malindi linazo.
Niambie: ni ngo, au ni kocho?
Ni ko moja kavu, kama mtu aliyepiga hodi akaondoka,
au ni chakachaka, njugu ndani ya kopo?
Maana ngo ni chuma kwa chuma,
kocho ni mpira uliochoka,
na chakachaka mara nyingi ni kitu kidogo
kinachotaka kutajwa tu.

Daktari Mbodze akanitazama
vile anavyomtazama mbuzi asiyetaka kufungua mdomo.
"Ni ngo," akasema. "Lakini asubuhi huwa kocho.
Nikifunga breki, ngo. Nikikata kona ya Ganda, ngo.
Njia ya Baricho, pale ilipojikunja kama bati,
sijui tena. Ni zote."

Landikruza la mwaka wa themanini na tisa.
Lilibeba chumvi Gongoni kabla ya kubeba chanjo,
na chumvi ikishahamia kwenye chuma haitoki.
Fundi wa kwanza, kule Shela,
alilivisha shokomzoba mbili, mpya, nyekundu, za kupendeza.
Ngo ikabaki palepale,
imevaa nguo ya sikukuu.

Nikaliendesha mwenyewe, madirisha wazi, redio kimya,
kando ya ukuta mrefu wa godauni la korosho.
Ukuta hukurudishia sauti kama ulivyoipokea.
Nikagusa breki kidogo: chakachaka ikanyamaza.
Hiyo moja, nikasema. Pedi inacheza kwenye kalipa.
Ngo haikujali.

Jeki. Gurudumu la kulia hewani.
Mkono juu, mkono chini, nikatikisa: beringi nzima.
Mkono huku, mkono huku: tairodi haina neno.
Nikachokonoa kwa mtaimbo kila penye mpira,
mpira ukanuna, ukarudi mahali pake.
Nikashusha.

Nikamwita Sidi, mwanafunzi wangu.
Lala chini, nikamwambia, weka kiganja, usitege sikio.
Sikio la fundi hufa mapema;
langu la kushoto lilikwenda na nyundo za bodi.
Nikawasha injini, nikauchezesha usukani,
kulia nusu, kushoto nusu,
kama unayemtikisa mtu usingizini na hutaki aamke.
"Hapo?"
"Kimya."
"Hapo?"
"Kimya, fundi."
Kiungo hadi kiungo, vumbi likimwingia nyweleni.
Kisha: "Zima! Imenipiga."

Ile fimbo ndefu ya kukingama,
inayoishika ekseli isihame ubavuni.
Bushi yake ilitoka mkononi kama mkaa uliolowa.
Bushi ni pesa kidogo. Lakini tundu la bolti!
Lilizaliwa duara, sasa ni yai.
Bushi mpya pekee ingenyamaza wiki mbili,
kisha ingesema tena,
na jina ambalo ingelitaja ni langu.

Daktari alitaka bushi tu.
Mimi nilitaka tundu lijazwe, lichomelewe, litobolewe upya.
Kwenye boksi nyuma ya kiti, chanjo za mbuzi mia tatu,
barafu inatoka jasho.
Tukabishana mpaka adhana ya alasiri.
Mwisho: leo bushi, na bolti nikaikaza
hata spana ikalia badala ya gari.
Jumatatu, moto.
Sidi akaandika "Jumatatu" kwa chaki kwenye chasi,
maana wateja hupona wakasahau.

Tukaenda kulijaribu, yeye kwenye usukani.
Daraja la Sabaki, kiungo cha kwanza: kimya.
Cha pili: kimya.
Nikayaona mabega yake yakishuka,
mabega ambayo, nadhani, yalikuwa juu tangu Ramadhani.

Tuta la kuingilia Mambrui.
Kocho.

Akanigeukia, uso wa mtu aliyeibiwa mara ya pili.
Nikainua kidole. Akalirudia tuta, polepole.
Bahati nzuri sikio langu zima lilikuwa upande wake.

"Hiyo ni ya nyuma," nikasema.
"Hiyo bado hatujajuana."