Mtu wa Tatu

Gari nimelitoa bondi, Spasio la kijivu,
redio yake bado inasema Kijapani,
na kwenye kioo cha mbele, kona ya chini,
pana nafasi tupu, ukubwa wa kiganja.
Askari wa trafiki hapa Mbale
huiona nafasi ile kabla hajaniona mimi.

Basi nikaenda kutafuta bima
kama mtu anunuaye nyanya:
nabinya, nanusa, narudisha funguni.

Ofisi ya kwanza, Barabara ya Kumi,
ina kiyoyozi na kalenda ya simba.
Binti ananipa karatasi na peremende.
"Bima kubwa, mama: wizi, moto, mafuriko, ghasia..."
Ghasia ziko ukurasa wa saba,
na herufi za ukurasa wa saba ni sisimizi.
Nikavaa miwani. Nikaivua.
Nikala peremende.

Ofisi ya pili ni mwavuli.
Kuloba chini yake, kashika stika kama karata:
"Nusu bei, leo leo! Risiti ya nini,
na stika yenyewe unaiona?"
Niliiona. Wino wake nilikaa nao kidoleni
hadi jioni, nikimenya matoke.

Nabifo, jirani yangu, akacheka kupitia ua:
"Bima ni mwavuli wa kukodi wakati wa jua.
Mvua ikinyesha, mwenyewe yuko Kampala, semina."

Rahisi ni ghali, tuliambiwa. Sawa.
Ila hatukuambiwa kama ghali ndiyo amana.

Siku ya tatu nikapanda ngazi
juu ya duka la mbegu, kwa Wetaka,
mtu mwembamba, feni yake imekufa.
"Nataka ya bei ndogo."
"Ya bei ndogo ni ya mtu wa tatu."
"Ndiye nani huyo?"
Akahesabu kwa kalamu mezani:
"Wa kwanza wewe. Wa pili sisi.
Wa tatu ni yule utakayemgonga."

Chini, lori la saruji lilikuwa likirudi kinyumenyume.

"Wewe hutapata kitu," akaendelea.
"Gari lako likibondeka, ni lako. Hela hizi ni zake."
Sijawahi kuuziwa kitu
na mtu anayeniapia kwamba sitapata kitu.

Nikamtolea swali nililolibeba tangu Jumatatu:
"Nionyeshe mmoja mliyemlipa."
Akakuna kidevu, muda mrefu kuliko nilivyopenda.
Akaandika: *Nagudi. Mahindi ya kuchoma.
Namakwekwe, mkabala na mashine ya kusaga.*

Goti lake la kushoto lina mshono kama zipu.
Alinipa hindi kwanza, jibu baadaye.
"Walilipa. Baada ya miezi kumi na mmoja.
Nilikwenda mara tisa. Karatasi za hospitali
walizipoteza, nikapeleka nyingine.
Lakini yule mwembamba alikuja mwenyewe, hapa hapa,
akahesabu noti mbele ya wateja wangu."
"Zilitosha?"
Akapuliza makaa.
"Karo ya muhula mmoja, na kigari hiki cha mahindi.
Goti lenyewe, dada, nani analijua bei?"
Kisha, akigeuza hindi jingine:
"Aliyenigonga simjui sura hadi leo.
Najua tu kwamba alikuwa na stika."

Nikarudi kwa Wetaka nikalipa.
Akaandika risiti polepole, akaniuliza tahajia ya jina langu
mara mbili. Nilipenda ile mara ya pili.

Nikafuta kioo kwa kanga, nikabandika.
Imekaa upande kidogo. Iache.

Njiani kwenda nyumbani, Wanale imejifunika ukungu,
mtoto mwenye dumu la njano
akasimama ukingoni mwa lami,
akatazama kule, hakutazama huku.
Nikakanyaga breki mapema, mapema mno;
boda nyuma yangu ikanitukana kwa honi.

Pita, mwanangu.
Nimekwisha kukulipia.
Sitaki tujuane.