Damu ya Mzee

Kalunde alikuja na rangi saba kwenye simu,
akazimwaga mezani kwangu
kama nguo alizoanua mbio, mvua imeshaanza.
"Zote hizi ziwemo kwenye lebo," akasema.
"Asali yangu isipite kimya dukani."
Waridi, chungwa, kijani cha kasuku,
na buluu ile ya duka la vocha pale Kanyenye
ambalo sasa, baada ya masika mawili,
limebaki na uso wa mtu aliyetoka wodini.

Sikubisha. Nilimwomba chupa moja,
nikaiweka dirishani saa nne ya asubuhi,
tukaiacha iseme yenyewe.
Asali ya miombo si njano.
Ukiipa jua inajibu kwa wekundu wa mbali,
kama chai ya rangi iliyosahauliwa mekoni.

"Kwanza," nikamwambia, "nta."
Si nyeupe, si maziwa, si kiini cha yai:
ni rangi ya barua
iliyokaa sandukuni miaka bila kujibiwa.
Hiyo ndiyo sakafu. Vingine vyote vitakanyaga hapo.

Halafu mninga. Si ule uliopigwa vanishi,
ule uliopasuliwa jana kule Cheyo,
maranda yake bado yanamzunguka fundi miguuni.
Jina lako litaandikwa kwa huo.

Akahesabu kwa vidole. "Mbili? Mimi nimelipia saba."
Nikamwambia ninatoza kwa zile ninazoziondoa.
Nilicheka peke yangu.

Agosti, vumbi la Tabora hupaka kila kitu rangi yake
bila kuuliza bei:
mabati, shuka, tandiko la baiskeli, kope.
Nilitaka lebo ambayo vumbi likiikalia
ionekane imetembelewa,
isionekane imeshindwa.

Nikaandaa vibao vitatu, nikavitoa nje.
Asubuhi. Saa saba, jua linapokosa adabu.
Usiku, chini ya taa nyeupe ya dukani,
ile inayofanya hata nyanya zionekane zina homa.
Kibao cha kwanza kilikufa mchana.
Cha pili kilikuwa kizuri,
kizuri kama salamu ya mtu asiyekujua.
Cha tatu nilikiacha nta na mninga, basi,
nikalala nikijua kuna kitu sijakiweka.

Baba yangu, Lugonda, alikuwa mtu wa ishara,
Reli ya Kati, stesheni hii hii njia zinapoachana,
huku Kigoma, huku Mwanza.
Nikiwa na miaka tisa nilipaka mkebe wangu wa shule
wekundu, ndani na nje, mpaka bawaba.
Aliugeuzageuza mkononi.
"Mama, nyekundu ikiwa kila mahali,
treni itasimama wapi?"
Nakumbuka mabehewa yakipita, kahawia, vumbi, kahawia,
na nyuma kabisa, taa moja.

Nikachovya brashi ndogo kuliko zote.
Neno asali linaishia na i.
Nikaipa nukta yake.

"Hiyo inaitwaje?"
"Damu ya mzee."
Kalunde akakirudisha kibao mezani kama kimemchoma.
"Damu? Juu ya chakula?"
Nilikuwa na majibu: kwamba ni jina tu,
kwamba hata kahawia imetokana na kahawa
na hakuna anayeinywa ukutani.
Yote yalinitoka.
Nikasema ni rangi inayokauka taratibu,
nikageuka kutafuta tambara.

Alikaa. Akakisogeza kibao mbali, urefu wa mkono mzima,
akakisogeza karibu,
akakisimamisha nyuma ya chupa, akakitazama kupitia asali yenyewe.
Huko stesheni walikuwa wanatangaza
kwamba treni ya Kigoma imechelewa,
na sauti haikusema kwa saa ngapi.

"Weka," akasema mwishoni.
"Ila kwenye risiti uiandike kwa jina jingine."

Niliandika: nukta, moja.