Tukitoka Sinema, Kutaisi

Taa zimewaka. Nanuli bado anapapasa kiatu
alichokivua askari alipoanza kulia.
"Ndefu mno," asema Vazha, fundi matairi,
"na farasi yule hakunywa hata tone la maji!"

Tunashuka ngazi, theluji inatuingia kolani,
Eteri akiapa kwamba mama wa kwenye filamu
hajapata kukanda unga tangu azaliwe.
"Vidole vile? Thubutu!"

Mimi nilisinzia kuanzia katikati.
Nasema ilikuwa tamu.

Kwenye daraja la Rioni Nanuli anasimama:
"Alivyofunga mlango polepole, asimwamshe mtu...
Guram wangu aliondoka vivyo hivyo."

Vazha anakohoa, anapangusa theluji begani.
"Kwa kweli," asema, "haikuwa ndefu kihivyo."