Nyuzi za Kawehi

Kawehi aliingia na mvua ya Hilo mabegani.
Ukulele wa marehemu babake ulikuwa umembana,
au vidole ndivyo vilivyovimba.
"Nataka teno. Koa tupu, si mbao za kubandikwa."

Nahale alishusha tatu.
Ya kwanza iling'aa mawimbi ya dhahabu;
akaigonga kwa gumba, ikajibu kama sanduku.
Uzuri wa mkakasi.
Ya pili siikumbuki.
Ya tatu, rangi ya chai iliyolala,
ina kovu la fundo kando ya tundu;
ikagongwa, ikaitika: naam.

Zikabaki nyuzi.
Zile angavu, za florokaboni, zilipiga yowe,
nami niliyekuwa nikifagia maranda nikacheka peke yangu:
kwa lugha ya mama, ukulele umekuwa ukelele.
"Koa hii kali tayari," Nahale akasema, "tusiitie pilipili."
Akafunga nailoni nyeusi, na wa nne mnene, wa kushuka.

Kawehi alipiga mara moja, akazifunika kwa kiganja.
Bei hakuuliza.
"Zitalegea siku tatu nne," fundi alimwonya. "Zivumilie."
Akakunja vidole, kimoja kimoja.
"Nazo zinivumilie."